Mzuka Usio na Jina

Kila inapozungumzwa habari ya utamaduni wa taifa letu, yako mambo ambayo hayakosi kutajwa: ngoma, lugha, ushairi, mavazi, vyakula na kazi za mikono. Filamu hutajwa mwishoni, kwa haraka, kana kwamba ni mgeni mpita njia. Na miongoni mwa filamu, zile za kutisha, zenye mizuka na majumba ya giza, hazitajwi kabisa ila kwa kudharauliwa. Watu wenye heshima zao huziona kuwa ni upuuzi wa vijana. Sisi hatukubaliani na dharau hiyo. Jambo linalotazamwa na watoto wetu usiku, wakalala nalo na kuliota, haliwezi kuwa dogo. Tunadai katika makala haya kwamba filamu ya mizuka ni mahali ambapo taifa husema kweli juu ya wafu wake, au huwasingizia. Tunadai pia kwamba sisi watu wa Pwani, tuliojaliwa magofu mengi na historia nzito, hadi sasa tumewasingizia wafu wetu zaidi kuliko tulivyowasemea kweli.

Tuanze na kisa kilichotusukuma kushika kalamu. Usiku mmoja hapa Mbegani, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mji wa Bagamoyo, tuliingia katika kibanda cha video, kile ambacho vijana wenyewe hukiita kwa utani "kibanda umiza". Walikuwa wamepata filamu ya Kihispania iitwayo El orfanato, yaani Nyumba ya Mayatima, iliyoongozwa na J. A. Bayona na kutolewa mwaka 2007. Haikuwa na mfasiri wa kuisimulia kwa Kiswahili kama walivyozoea. Palikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nasi tuliojifunza Kiingereza cha shule tukawa tunawanong'onezea waliokaa karibu. Mwanzoni vijana walinung'unika: hapana mapanga, hapana anayekimbizwa, hapana kelele. Pana nyumba kubwa ya zamani kando ya bahari, na mke, na mume, na mtoto wao. Lakini haikupita nusu saa kibanda kizima kikawa kimya. Hata muuza kahawa aliyesimama mlangoni akaacha kugonganisha vikombe vyake.

Mbele yetu aliketi mzee mmoja mvuvi. Walipoanza kuonekana watoto wa ile nyumba, aligeuka nyuma akauliza, "Watoto wale ni wa nani?" Kijana mmoja akamjibu, "Babu, hao si watoto, ni mizuka tu." Mzee akasema, "Mzuka naye ana mamaye," kisha akaendelea kutazama.

Filamu ile ilipokwisha, vijana wakaweka nyingine, ya hapa nyumbani, yenye jini wa kike mwenye meno marefu anayekaa katika gofu. Safari hii mzee hakuuliza kitu. Alicheka kidogo, akachukua kofia yake, akaaga, akaenda kulala. Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini mzee yule aliuliza swali mara ya kwanza, na kwa nini hakuwa na swali mara ya pili.

Kwa wale wasioiona filamu yenyewe, habari yake kwa ufupi ni hii. Mwanamke aitwaye Laura, aliyelelewa katika nyumba ya mayatima, anarudi pale akiwa mtu mzima, pamoja na mumewe na mtoto wao wa kulea, Simón. Nia yake ni kuifanya nyumba ile iwe makao ya watoto wenye ulemavu. Simón anaanza kuzungumza na watoto ambao wazazi wake hawawaoni. Kisha siku moja anatoweka. Mama anamtafuta miezi mingi, na katika kumtafuta anagundua kwamba watoto aliokuwa akicheza nao zamani, ambao aliamini walipata wazazi wa kuwalea, hawakutoka kamwe katika nyumba ile. Waliuawa kwa sumu na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi pale, ili kulipiza kifo cha mwanawe aliyeumbuka uso, aliyekufa kwa mzaha wao. Mabaki yao yalifichwa humo humo nyumbani.

Angalia, msomaji, jinsi woga wa filamu ile ulivyojengwa. Damu ni haba. Kinachotisha ni mlango unaogongwa, ufunguo uliohamishwa, mnara wa taa usiowaka, pango la pwani linalomezwa na maji yanapojaa, na mchezo wa watoto wa kunyemelea na kugusa ukuta. Na mwisho wake mama hawafukuzi wale watoto. Hamwiti mtu wa kuwapiga mijeledi ya maneno matakatifu. Anacheza nao mchezo wao wa zamani, ili wamwongoze alipo mwanawe. Atakachokikuta hatutakitaja, tusije tukawaharibia watakaoitazama kesho. Lakini hili twaweza kulisema: wafu wale wana majina, wana picha waliyopigwa pamoja siku za uhai wao, walidhulumiwa mahali panapojulikana na mtu anayejulikana. Hawana haja ya kunyonya damu ya mtu. Wanachotaka ni kwamba ijulikane walipo.

Wala jambo hili halikuzuka hewani. Miongoni mwa watayarishaji wa filamu hiyo alikuwa Guillermo del Toro wa Meksiko, ambaye mwaka 2001 aliongoza filamu nyingine ya Kihispania iitwayo El espinazo del diablo. Hiyo nayo ni ya nyumba ya mayatima, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, vilivyopiganwa toka 1936 hadi 1939. Katika uwanja wa nyumba limechomeka bomu ambalo halikulipuka, na katika birika la maji umo mwili wa mvulana aliyeuawa. Baada ya vita hivyo Jenerali Franco aliitawala nchi ile hadi alipokufa mwaka 1975. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya msamaha, na kwa muda mrefu watu wakaona heri kunyamaza. Lakini makaburi yalikuwepo, kandokando ya barabara na katika mabonde, yamejaa watu waliopigwa risasi na kufukiwa bila alama. Tangu mwaka 2000 wajukuu walianza kuyafukua na kuwatafuta babu zao, na mwishoni mwa 2007, mwaka ule ule wa El orfanato, bunge la Hispania lilipitisha sheria juu ya kumbukumbu ya mambo hayo. Hatusemi kwamba filamu ya Bayona inahusu vita. Vita havitajwi humo. Tunasema kwamba taifa lililokuwa likifukua mifupa halikuhitaji kuelezwa maana ya mifupa ya watoto iliyofichwa ndani ya nyumba. Watazamaji walikuja na maana hiyo mioyoni mwao.

Sasa turejee nyumbani.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, video ilipokuwa rahisi, vijana wetu walianza kutengeneza filamu zao wenyewe kwa Kiswahili. Mussa Banzi alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya filamu za kutisha, kwa kazi zake kama vile Nsyuka na Shumileta. Ni haki tumpe mtangulizi heshima ya mtangulizi. Alifanya kazi kwa mali kidogo, na watu wakazipenda filamu zake kwa sababu zilisema lugha yao. Lakini heshima haimzuii mtu kuulizwa. Jina Nsyuka linatoka kwa Wanyakyusa, ambao huwaita wafu wao abasyuka. Hao ni wazee walio chini ya ardhi, wanaoulinda ukoo na kuukaripia unapokosea. Katika filamu jina hilo likavikwa kiumbe cha kutisha tu. Babu akageuzwa dubwana. Shumileta naye ni jini wa kike, mrembo na mwangamizaji, lakini ukiuliza kwao ni wapi na nani aliyemdhulumu, huna utakachojibiwa kinachoingia akilini mwa mtu wa Pwani.

Waliofuata wakaifanya njia hiyo kuwa desturi. Leo kanuni inajulikana hata na mtoto wa darasa la tatu: chukua gofu, tia moshi, tia meno ya bandia, tia sauti nzito ya kukoroma, mwite mganga au mtu wa dini aje kufukuza, kisha andika "Mwisho". Kanuni hii tunaishtaki kwa makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kwamba inasema uongo juu ya imani ya watu wetu wenyewe. Tunaambiwa kwamba filamu hizi zinaonyesha mila za Kiafrika. Si kweli. Mila gani ya Pwani inayomjua pepo asiye na jina? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, huku huku Bagamoyo, aliandika habari za desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, na hakusahau habari za pepo na ngoma zao. Hata leo, kila aliyewahi kukaa katika uwanja wa ngoma ya pepo anajua utaratibu wake. Mgonjwa ndiye kiti. Pepo anapopanda, fundi hamkimbii wala hamrukii. Anamsalimu. Anamuuliza: jina lako nani, kwenu wapi, umekuja na nani, unataka nini? Pepo hujibu, tena kwa lugha yake na kwa namna ya watu wa kwao. Kisha hupewa alichotaka, ubani au kitambaa au kombe au ngoma yake, na mapatano hufanyika.

Tena tuyatazame hayo majina yenyewe. Kibuki ametoka Bukini, yaani Madagaska. Habeshia ametoka Uhabeshi, na jina lake linatukumbusha wanawake wa nchi ile walioletwa pwani hizi kuwa masuria katika nyumba za wakubwa. Kwa hiyo wazee wetu, ambao wengi hawakuandika vitabu, walihifadhi katika ngoma habari ya nani alikuja hapa, kutoka wapi, na kwa machozi gani. Mtu anaweza kuamini pepo au asiamini. Hilo ni la dini yake na dhamiri yake, na sisi hapa hatuhubiri. Lakini hata asiyeamini hana budi kukiri kwamba kila pepo wa Pwani ana kwao. Anayetuletea dubwana lisilo na kwao, kisha akatuambia kwamba ndiyo mila yetu, ametupokonya kitu na kutuachia takataka. Mwacha mila ni mtumwa, nasi tunaongeza kwamba mzushi wa mila ni dalali wake.

Kosa la pili ni kwamba inasema uongo juu ya nyumba. Gofu katika filamu hizi ni kiota tu cha shetani. Lakini magofu yetu yalikuwa nyumba, na nyumba hizo ziliona mambo. Nendeni Kaole, mwendo mfupi kutoka hapa Mbegani. Pana misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi zaidi ya ishirini, mengine yenye nguzo ndefu zilizopachikwa vibakuli vya kaure kutoka Uchina. Bahari iliyokuwa ikiufikia mji imerudishwa nyuma na mikoko. Pana kaburi la Sharifa ambalo watu hulizuru mpaka leo kwa dua na ubani. Hapo wafu wana heshima yao, na anayefika huwasalimu.

Kisha ingieni mjini Bagamoyo. Yako majengo ya kituo cha misafara, ambako wapagazi waliotembea miezi kutoka Ujiji na Tabora walitua mizigo ya pembe, na ambako waliofungwa minyororo walingoja majahazi. Iko Boma ya Wajerumani, iliyojengwa mwaka 1897. Karibu na ufuko pana jiwe la kumbukumbu mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga wale waliopinga utawala wao. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya Pwani, wao walimnyongea Pangani, tarehe 15 Desemba 1889, na jina lake tunalo. Lakini jiwe la Bagamoyo linataja tendo, halitaji watu. Tujiulize basi: mtu mwenye kamera, anayesimama mbele ya kuta hizi, ana haja gani ya kununua meno ya bandia? Hofu iko tele. Iliyo haba ni haya ya kuitazama.

Kosa la tatu ni matokeo ya hayo mawili. Nyumba inayoogopwa bila kujulikana hakuna anayeihurumia. Watoto wakifundishwa kwamba gofu ni makazi ya shetani, watakapokuwa madiwani na wahandisi hawatalia litakapoanguka. Sehemu ya Boma ya Bagamoyo iliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Kule Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Jumba lile kwa miaka mingi watu wamelisimulia kwamba chini ya nguzo zake walifukiwa watumwa. Masimulizi hayo huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini angalieni yanavyosimuliwa: "watumwa", basi. Mtalii hushtuka, hupiga picha, hupita. Hakuna aulizaye, kama alivyouliza yule mzee wa Mbegani, watumwa wale walikuwa watoto wa nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza wa nyumba zetu umo katika masimulizi, kabla haujafika katika chokaa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu, na tunaomba radhi kwa watakaochukizwa. Kwa nini tunapenda mzuka usio na jina? Kwa sababu mzuka usio na jina hauna wajukuu. Utumwa kisheria haukukoma Tanganyika ila mwaka 1922. Mwaka huo si wa kale kama tunavyojidanganya. Wapo kati yetu waliolelewa na bibi ambao mama zao walikuwa mali ya mtu. Katika miji yote ya pwani hii zimo familia zinazojua kwa siri kwamba babu yao aliletwa akiwa amefungwa, na jirani nao zimo familia zinazojua kwa siri kwamba babu yao ndiye aliyekuwa akipokea waliofungwa. Wanaoana, wanazikana, wanachanga arusi pamoja, na ni jambo jema. Lakini jambo lenyewe halisemwi. Mtu akikasirikiwa barazani ndipo hutupiwa neno la asili yake, na hapo utajua kwamba hakuna lililosahauliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mtengenezaji wa filamu anapoweka katika gofu la Bagamoyo jini lisilo na ukoo, anatusaidia kunyamaza. Tunapiga kelele za hofu kibandani, kisha tunakwenda kulala tukiwa salama, maana aliyetutisha si ndugu wa mtu yeyote. Angeweka humo msichana wa Kimanyema au wa Kinyamwezi, mwenye jina alilopewa na mamaye, anayetafuta njia ya kurudi kwao na hakuna amjibuye kwa lugha yake, tusingelala. Na heri tusilale.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu, nasi tutayajibu moja moja.

Wa kwanza watasema: Wahispania wana fedha, sisi hatuna, waongozaji wetu hupiga filamu nzima kwa siku chache na kuiuza kwa bei ya mkate. Hilo ni kweli, tena ni aibu ya soko letu na ya wasambazaji, si ya wasanii. Lakini katika filamu ile ya mayatima, vitu vilivyokifanya kibanda chetu kinyamaze ni mlango, ufunguo na watoto wanaocheza. Ukimya haununuliwi. Maji kupwa na kujaa kati ya mikoko ya Mbegani hayalipishi. Moshi na meno ndivyo vinavyogharimu.

Wa pili watasema: haya yote ni ushirikina, yapigwe marufuku. Hao tunawaambia kwamba mkasi haujapata kumfundisha mtu kushona. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 tunao utaratibu wa kukagua filamu, na ni vizuri watoto walindwe. Lakini mkaguzi anayehesabu matone ya damu na kupima urefu wa nguo, akaacha kuuliza kama filamu inawasingizia wafu wa Bagamoyo, amelinda macho ya mtazamaji na kuiacha akili yake wazi kama nyumba isiyo na mlango. Hatutaki filamu hizi zifungiwe. Tunataka zikosolewe, kama tunavyokosoana sisi watunga mashairi mizani na vina vinapopotoka.

Wa tatu ndio wazito zaidi. Watasema: mnatonesha vidonda, umoja wa taifa ulijengwa kwa kutoulizana ukoo. Sisi ni watumishi wa umma, na umoja huo tunaujua thamani yake. Tumeula mkate wake maisha yetu yote. Lakini kutoulizana kwa heshima ni jambo moja, na kuwafuta waliodhulumiwa ni jambo jingine. Sisi hatuombi mtu yeyote alipishwe deni la babu yake. Tunaomba aliyekufa aitwe. Yule mama wa filamu ya Kihispania hakumpata mwanawe kwa kuifunga nyumba ile na kuondoka, bali kwa kukubali kucheza na wafu mchezo wao, kwa masharti yao.

Wala asiseme mtu kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Limekwisha fanyika. Mwaka 2001, mwaka ule ule wa El espinazo del diablo, Martin Mhando akishirikiana na Ron Mulvihill wa Marekani alitoa filamu iitwayo Maangamizi. Humo yumo mwanamke aitwaye Samehe, aliyenyamaza kabisa kwa yale aliyoyaona utotoni, amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Yumo daktari mwanamke, mjukuu wa Waafrika waliopelekwa ng'ambo, aliyerudi upande huu wa bahari. Na yumo bibi wa kale, mzimu anayewajia, anayewadai wote wawili wakumbuke. Mzimu huyu hana meno marefu. Ana madai. Filamu hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni; ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya kupelekwa ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Lakini ulizeni katika vibanda vyetu kuanzia Mbegani hadi Saadani ni vijana wangapi wameiona Maangamizi. Tuna mfano mwema nyumbani, tumeufungia sandukuni.

Nini kifanyike? Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Chuo cha sanaa kimekuwapo Bagamoyo tangu mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wanafunzi wake wa filamu wanaishi mwendo wa baiskeli kutoka Kaole. Wapelekwe wakae pale usiku mmoja bila kamera, wasikilize. Wapelekwe kwa mafundi wa ngoma za pepo wajifunze jinsi mgeni asiyeonekana anavyosalimiwa na kuulizwa jina. Wasomeshwe kitabu cha Mtoro. Walinzi wa mambo ya kale nao wawafungulie wasanii milango ya majumba hayo kwa ada ndogo, kwa sharti moja tu: anayeingia kupiga filamu aonyeshe kwamba anajua nyumba ile ilikuwa ya nani, na nani aliteseka ndani yake. Na zile filamu zetu chache zilizofanya kazi hii zirudishwe vijijini, zionyeshwe bure uwanjani, kama zilivyokuwa zikionyeshwa senema za gari siku za nyuma.

Jambo hili si la starehe ya jioni tu. Mwezi Oktoba mwaka 2015 liliwekwa jiwe la msingi la bandari kubwa hapa hapa Mbegani. Kazi ikasimama, na tangu hapo mazungumzo ya kuifufua hayajakoma. Sisi hatupingi bandari. Watoto wetu wanahitaji kazi. Lakini siku matingatinga yatakapokuja, yatauliza hapa pana nini. Ramani itaonyesha minazi, vichaka na mikoko. Kaburi lililo na jina litatafutiwa wenyewe, litasomewa dua, litahamishwa kwa adabu. Kaburi lisilo na jina litachotwa pamoja na mchanga. Na kizazi kilichofundishwa kwamba wafu wa magofuni ni mashetani ya kufukuzwa hakitanyanyua mkono kusema, ngojeni kwanza, hapa pana watu.

Mzee wa Pwani hupiga hodi hata katika nyumba tupu, akatoa salamu kabla ya kuvuka kizingiti. Tukiwaona wasanii wetu wanapiga hodi namna hiyo, tutakuwa wa kwanza kulipa kiingilio. Kwa kuwa kazi yetu ya usiku ni kutunga, tunafunga kwa ubeti mmoja, tukiwakabidhi vijana walioko nyuma ya kamera:

Mzuka usio jina, hauna mwenye kulia,
Ukuta huwa waona, na siri hutufichia,
Hodi tupige kwa mana, ndipo watatwitikia,
Wafu walikuwa wana, nani atawatajia?